Saa Kumi na Nne, Si Siku

"Usicheke sana," wifi yake alimwambia huku akisogeza taa. "Na ukiulizwa swali gumu, kunywa maji kwanza. Utapata nafasi ya kufikiri."

"Na nikibanwa na hayo maji?"

"Utajikaza. Wenzako wamejikaza."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi, alasiri. Wasomaji wa mwanamke aliyeketi mbele ya kompyuta wanamwita Nukta. Jina hilo alilipata gazetini, alikofanya kazi ya kusoma prufu, yaani kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa, kwa miaka kumi na sita, akirudisha kurasa nzima mitamboni kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana. Gazeti lilipofungwa, wenzake walijitafutia ajira maofisini. Yeye alifungua ukurasa wa habari mtandaoni katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, kwa simu moja na msaada wa wifi mmoja, dada wa mumewe, fundi wa kamera na wa kila kitu chenye waya.

Sasa alibakiza mahojiano haya tu. Ufadhili aliouomba huchukua wanahabari kumi na wawili wa mtandaoni kutoka nchi mbalimbali na kuwapeleka miezi sita katika vyumba vya habari vya ugenini. Huko hujifunza pia namna ya kuendesha chombo kidogo cha habari kisije kikafa siku mwenyewe akiugua. Nukta alikuwa ameomba mara mbili, akaambulia patupu. Mara ya tatu fomu ilipita. Iliyoipitisha ni habari yake ya mwezi wa tatu kuhusu friji la chanjo la zahanati, lililozimika huku chanjo zikiendelea kutolewa.

Saa tisa kamili nyuso tatu zilitokea kwenye skrini. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi. Kulia kwake alikaa mwanamume mwenye kalamu sikioni. Wa tatu alisalimia, na hakusema neno jingine hadi mwisho.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Walimuuliza juu ya wasomaji na matangazo, na nani angeuangalia ukurasa akisafiri. Nukta alimwonyesha wifi yake kwa kidole, naye akapunga mkono kutoka nyuma ya kamera. Wote wakacheka. Kisha mwenye kalamu akaitoa sikioni.

"Dada, habari ya friji. Tangu uichapishe, umewahi kuibadilisha?"

Wifi yake akaacha kucheka. Alijua jibu, maana siku ile alikuwa katika chumba hikihiki. Pembeni, mahali ambapo kamera haikufika, akatikisa kichwa polepole: sema hapana.

Nukta akanywa maji.

Kazi ya prufu ina adabu yake. Msomaji mzuri wa prufu hurekebisha kosa bila mtu yeyote kujua kwamba liliwahi kuwepo, na hiyo ndiyo sifa yake yote. Nukta alihama na adabu hiyo. Mtandaoni aliona ameongezewa neema, kwa kuwa hata habari ikishatoka unaweza kuingia ndani yake, ukabadili neno, ukatoka. Alifanya hivyo karibu kila wiki, bila kuandika chini kwamba amerekebisha, na hakuwahi kujiona mwongo. Alijiona msafi.

Habari ya friji ilitoka ikisema lilikaa bila umeme siku kumi na nne. Mtoa habari alikuwa amemwandikia kwenye karatasi tarakimu tupu, kumi na nne, naye akajaza siku. Zilikuwa saa. Aligundua baada ya saa mbili, akabadilisha, akaendelea na shughuli zake. Ila kwa saa mbili hizo watu walikuwa wameshapiga picha za skrini na kuzisambaza, na hadi jioni mtunza stoo wa zahanati, mwenye ufunguo wa friji, alikuwa amesimamishwa kazi.

"Nimewahi," Nukta alisema. "Nilibadilisha siku zikawa saa."

Wifi yake akainamia waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Tunajua," alisema mwenye kalamu. "Nakala ya kwanza bado ipo mtandaoni. Tulitaka kusikia utasemaje. Kwa nini hukuandika chini kwamba umerekebisha?"

"Mwanzoni kwa mazoea. Baadaye kwa aibu."

"Habari nyingine kama hii ziko ngapi?"

Hakuwa na hesabu. "Nyingi," alisema. "Ndogondogo. Sijawahi kuziorodhesha."

Mwenyekiti akaandika kitu, akachukua muda mrefu kukiandika. "Tunakaa Jumatatu kuamua," alisema. "Kabla ya hapo kila mmoja wetu ataufungua ukurasa wako. Asante kwa muda wako."

Skrini ikawa nyeusi.

"Ungesema hapana," alisema wifi yake.

"Wangenionyesha nakala."

"Hukujua kama wanayo."

"Sikujua."

Wifi akazima taa. "Basi leo ni Alhamisi. Andika marekebisho, yawekwe juu kabisa, wayaone. Bado hujaanguka."

Nukta aliyaandika palepale, mistari minne. Aliisoma, akaitazama namba ya mtunza stoo kwenye simu, akajua kwamba hawezi kumwandika tena bila kumpigia. Hakuwa amempigia tangu habari ile itoke mwezi wa tatu.

Simu iliita hadi karibu kukatika. Sauti ya mwanamume ilisema haloo, na nyuma yake kulisikika malori yakirudi kinyumenyume. Nukta akajitambulisha.

"Nakukumbuka," mwanamume akasema. "Unataka nini?"

"Nataka kuandika wazi kwamba nilikosea. Zilikuwa saa, si siku."

"Saa kumi na nne. Mimi niliwaambia wakubwa tangu siku ya kwanza. Wakanitolea picha ya habari yako." Alikohoa. "Walinisimamisha miezi miwili, halafu wakanihamishia bohari ya vifaa, huku kwenye vumbi. Mke wangu aliulizwa sokoni kama ni yeye mke wa yule aliyeozesha chanjo. Leo ndiyo umekumbuka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini leo?"

Wifi yake, aliyekuwa amesogea kusikiliza, akamshika mkono. Nukta akautoa taratibu.

"Nimeomba ufadhili wa kwenda nje. Leo kwenye mahojiano wameniuliza juu ya habari hii."

"Kwa hiyo unanipigia kwa ajili yangu, au kwa ajili ya safari yako?"

"Leo, kwa ajili ya safari. Ilitakiwa iwe kwa ajili yako, mwezi wa tatu."

Lori likapita. Mtunza stoo alingoja lipite.

"Basi andika na hilo," akasema, akakata.

"Asikuchanganye," wifi yake alisema haraka. "Kosa andika. Hilo la safari la nini? Wale watu watasoma kwamba umesubiri mpaka wao wakuulize. Unajichimbia shimo, mama."

"Nimesubiri mpaka wao waniulize."

"Najua. Lakini si lazima ulichapishe."

Nukta alivuta kiti. Mstari wa tano ulimchukua muda mrefu kuliko minne ya mwanzo. Ulipokamilika, ulikuwa mfupi: mwandishi alilijua kosa hili siku ileile, akalificha, na amelitangaza leo baada ya kuulizwa na waamuzi wa ufadhili anaouomba. Wifi yake aliusoma mara mbili na kuondoka chumbani. Nukta alichapisha peke yake.

Hadi Jumapili jioni marekebisho yalikuwa yamesomwa na watu mia mbili na tatu. Habari yenye kosa ilisomwa na elfu tisa. Kati ya Ijumaa na Jumapili alirudi nyuma habari moja baada ya nyingine, akipata maneno aliyoyabadili kimyakimya: cheo cha mtu hapa, tarehe pale, jina la mtaa. Chini ya kila moja aliandika alichofanya. Wifi yake alirudi Jumamosi, hakuzungumzia jambo hilo, akakaa kumsomea tarehe.

Barua pepe ilifika Jumanne saa nne asubuhi. Wifi ndiye aliyeisoma kwa sauti, kwa kuwa Nukta alikataa kuigusa kompyuta. Ilikuwa fupi. Waamuzi walishukuru. Nafasi kumi na mbili zilikuwa zimejaa, na jina lake halikuwemo. Sababu hazikutajwa. Walisema fomu za mwakani zitafunguliwa mwezi wa saba, na mwombaji aliyefika mahojianoni anaruhusiwa kurudi.

Wifi akafunga kompyuta.

"Utaomba tena?"

"Nitaomba."

"Utawatumia habari ipi safari hii?"

Nukta aliinuka, akafungua dirisha.

"Ileile ya friji, na mistari yake mitano," alisema.