Ngamia wa Upande wa Kulia

Keynan alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza kazi yake alikuonyesha vidole tu, kwa kuwa rangi haikumtoka kuchani. Ni yeye aliyechora birika kwenye kuta za hoteli za Garissa, mguu wa mbuzi kwenye duka la nyama, na mkasi kwa fundi wa nguo. Watu walimsifu kwa jambo moja: mkononi mwake kila kitu kilitoka kizuri kuliko kilivyo. Birika lililobonyea alilinyoosha. Mbuzi aliyekonda alimnenepesha.

"Picha ni kama bibi harusi," alizoea kusema. "Humtoi nje bila kumpamba."

Mwaka wa 1967, vita vya serikali na waasi vikiwa katika mwaka wake wa nne, dada yake Safiyo alihamishwa kutoka malishoni pamoja na wenzake, wakawekwa katika kijiji chenye ulinzi karibu na mji. Ngamia wao walifungiwa bomani. Safiyo alikuwa na mmoja tu wa maziwa, jike aliyemwita Addey kwa weupe wake, na watoto wake watatu waliishi kwa maziwa hayo. Lilipotoka tangazo kwamba atakayemthibitisha mnyama wake atarudishiwa, alikwenda mara mbili, akarudi mikono mitupu. Alama ya moto shingoni ni ya ukoo mzima, na majike weupe wenye alama ile walikuwa tele.

"Abowe," alimwambia kaka yake, "wewe ulimchora Addey mwaka juzi. Peleka ile picha."

Ilichorwa juu ya kipande cha gunia la unga, naye aliipenda kuliko kazi zake zote. Aliikunja kwapani, akaenda.

Karani wa boma aliitwa Munyao, Mkamba wa Kitui aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Aliitandaza picha mezani, akainama.

"Mzee, huyu ngamia ni mzuri. Hana kovu, hana kupe. Hata mimi ningemposa."

Askari wa mlangoni akacheka.

"Lakini," Munyao akaendelea, "alama umeiweka shingoni kushoto. Hao wa ukoo wenu humu ndani wote wamechomwa kulia. Sasa huyu ni wa nani?"

Keynan aliitazama picha. Alikumbuka. Alimchora Addey akitazama kushoto, aelekee mlango wa nyumba, kwa sababu aliona mnyama anayeupa mlango kisogo hapendezi. Alama ikabaki upande usioonekana, naye akaihamisha. Wakati ule lilikuwa jambo dogo.

"Ngamia ni wa kweli, bwana karani," alisema, akitazama chini. "Picha ndiyo niliyoitia uongo."

Munyao akainua macho. "Wenzako huja hapa na viapo. Wewe umeleta uongo, na umeukiri mwenyewe." Akaligeuza gunia. "Haya, nichoree yule usiyempamba. Nikimkuta ndani, mchukue. Nikimkosa, usinirudie."

Keynan aliokota kipande cha mkaa kwenye jiko la chai. Mkono ulisita, kama ulimi wa mtu anayetaja kasoro za ndugu yake mbele ya wageni. Alianza na alama ya ukoo, shingoni kulia, kisha goti lililonyonyoka manyoya. Akachora sikio la kulia lililoraruliwa na mwiba, mdomo unaoning'inia, chuchu ya nyuma iliyokufa. Nyuma ya bega akaweka mistari mitatu aliyochomwa kwa moto kama dawa ya kikohozi, na ule wa tatu akaupinda.

Munyao alichukua gunia akaingia bomani. Keynan alichuchumaa langoni.

"Nilitaka unichore, mchoraji," askari alisema. "Sasa naogopa."

Muda ulikuwa mrefu. Kisha Munyao akatoka akivuta kamba, na nyuma yake akaja Addey, anatafuna, hana habari.

"Mstari wa tatu umepinda kweli," Munyao alisema.

"Alipiga teke," Keynan akajibu.

Safiyo alipomwona ngamia wake kwenye lango la kijiji alikaa chini mchangani. Jioni watoto walikunywa, chombo kikizunguka mpaka povu la mwisho. Ndipo Safiyo alipolitazama gunia.

"Alhamdulillahi. Lakini abowe, umemchora mbaya hivi?"

"Ndivyo alivyo."

Safiyo akalitazama tena, akacheka mpaka akafuta macho. "Ndivyo alivyo kweli."

Baadaye Ogle mwenye hoteli alinuna alipoona birika lake limechorwa upya ukutani, pamoja na bonyeo lake. Wateja walilitambua, wakamtania siku nzima, na chai ikaisha mapema. Nyumbani Keynan alilitundika gunia mahali pake pa zamani, ule upande mzuri ukielekea ukutani.