Kahawa ya Tatu ya Muharem

Zumreta alimwalika shemeji yake kwa sababu moja tu. Ajna, binti yake wa pekee, alikuwa na tiketi ya basi la Jumapili kwenda Ljubljana, Slovenia, kulea wazee wa watu, na Muharem alikuwa na maduka matatu hapa Zenica, Bosnia. Muharem akimpa mtoto wa marehemu ndugu yake mshahara wa kukimu maisha, tiketi ingechanwa. Asipompa, nyumba ingebaki na mama na saa ya ukutani.

Muharem aliingia, tumbo limetangulia. Akavua viatu, akaketi pahali pa marehemu bila kuambiwa. Zumreta akamletea kahawa ya kumkaribisha, na kipande cha halua pembeni.

Kazi ipo, Muharem alisema, marka elfu moja kwa mwezi. Ajna akajibu kwa adabu kwamba kodi ya chumba na jiko ni mia sita, na kilo ya nyama ishirini na nne. Hapo bomba la maneno la Muharem likapasuka.

"Nyinyi mmedekezwa, mwanangu. Mwaka tisini na sita, vita vimeisha jana, baba yako mdogo aliishi mwezi mzima kwa marka sitini. Na sikukimbilia kwa Waslovenia. Nilianza na gunia moja la maharagwe."

Zumreta alilikumbuka gunia hilo. Lilikuwa la msaada, limepigwa mhuri wa kutouzwa kwa herufi ambazo hata mwenye chongo angezisoma, na Muharem aliliuza na mhuri wake. Kuishi kwa sitini kuliwezekana, ndiyo: unga wa msaada, mafuta ya msaada, karatasi za nailoni za msaada madirishani, na mwenye nyumba hajulikani aliko. Yeye mwenyewe alishona kiwandani kwa mia na hamsini, na zikafika mwisho wa mwezi kwa kuwa rafu za maduka hazikuwa na kitu cha kumtamanisha mtu. Leo rafu zimejaa hadi darini, na mshahara ukifika tarehe kumi na tano umejitahidi. Anayetaka kupima enzi mbili aoneshe kwanza mizani yake, na mizani ya Muharem Zumreta aliijua tangu zamani: ilikuwa na kidole gumba juu yake.

"Hilo gunia, shemeji," akamuuliza taratibu, "ulilinunua kwa nani?"

Muharem akakohoa. "Mambo ya vita hayo. Kila mtu alihangaika."

"Kweli. Sisi tulihangaika kwenye foleni, wewe nyuma ya kaunta."

Muharem akacheka peke yake. Akasema basi, kwa heshima ya damu, ataongeza hamsini, na chakula cha mchana bure.

"Cha msaada, baba mdogo?" Ajna akauliza.

Zumreta akainuka. Maji ya kahawa ya pili, ile ya mazungumzo, yalikuwa yanachemka jikoni. Akamimina finjani moja tu, nusu, bila halua, akaiweka mbele ya mgeni. Muharem akaitazama. Kila Mbosnia anaijua kahawa ya tatu, nusu finjani ya kumuaga mgeni. Akiiona hutafuta viatu vyake. Lakini kuletewa ya tatu kabla ya ya pili hakuwahi kuona.

"Zumreta, ndiyo kwanza tumeanza kuongea."

"Umeongea tangu tisini na sita, shemeji. Kunywa, isipoe."

Hakunywa. Mlangoni alihangaika na kamba za viatu muda mrefu, tumbo likimzuia, na hakuna aliyeinama kumsaidia.

"Mama," Ajna akasema, "ndiyo nimeenda hivyo."

Zumreta alivuta kiti. Alipanda kitini akashusha sanduku juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akauliza kama soksi nzito zipo na kama huko kodi wanadai ya miezi mingapi. Tiketi akaitia katika mfuko wa ndani wa sanduku, akafunga zipu. Kisha akaifungua kuhakikisha imo. Akaifunga. Akaifungua tena.