Harusi Ndani ya Kasha la Diski

Juzi kwa fundi kompyuta, Kiwalani, mke na mume waliambiwa laptopu yao imekufa. Mke akashika kichwa. "Video ya ndoa yetu imo humo! Sauti ya marehemu baba!"

Wateja tukampa pole kama tuko msibani. Mie nikawaka: "Fundi, kilichokufa hasa ni nini?"

"Ubao mama tu, braza. Diski yenye video ni nzima."

Mafundi, mkitangaza kifo mtaje aliyekufa!

Fundi akachomoa diski isiyozidi kidole, akaitia kwenye kasha lenye waya, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Video ikafunguka, baba mtu akatamka: "Nimekuozesha binti yangu."

Mume, palepale kaunta, akapaza sauti: "Nimekubali kumuoa!"

Duka zima vigelegele. Mke akacheka huku analia: "Leo hujatetemeka, mume wangu."