Salamu Kwanza

Siku hizi simu hainitoki mwilini. Nikipika imo kifuani, nikiswali iko pembeni ya mswala, na ikitikisika moyo unaniruka hata kama ni tangazo la vifurushi. Mume wangu ananicheka, ananiita mtu wa doria. Acha acheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kosa nililifundisha mwenyewe. Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni, anaishi na mama kisiwani Jibondo. Mimi napika kwenye hoteli moja huku Utende, ng'ambo ya maji. Alipopata simu ya kioo alichanua. Kusoma anajua, na sasa aliweza kuniambia jambo lake bila kumtuma mtu. Ila adabu hakuwa nayo. "Sukari imekwisha." "Leta kanga." Basi, kama karani. Sikukuu moja nilipovuka kwenda kuwaona nikamtolea uvivu, kwa mikono: mimi ni mkubwa wako, tumbo moja, unanianza na sukari? Nikamkalisha, nikamwonyesha ujumbe wa watu waliolelewa. Unatoa salamu, unaamkia, unauliza shemeji, unauliza watoto, unasema mko wazima, ndipo unashuka kwenye shida. Akashika. Alishika kuliko nilivyotaka.

Siku ile Jibondo walikuwa wanafungua mwamba wa pweza, uliofungwa miezi mitatu ili pweza wakue. Siku kama hiyo kijijini habaki mtu. Maji yakitoka, wote wako mwambani na vijiti vyao. Nyumba za jirani zilikuwa tupu. Mama alibaki kwa sababu ya magoti, na mdogo wangu alibaki kwa sababu ya mama. Asubuhi, akichambua mchele, mama akaanguka.

Kuna namba ya dharura, ya bure, ukipiga wanatafuta boti na gari. Lakini namba ile inataka mdomo na masikio. Zahanati iko upande wa pili wa kijiji, na mama alikuwa amemshika mdogo wangu kanga kwa mkono wa kushoto, hamwachii. Akaniandikia mimi, ili nipige.

Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Simu ikawaka kabatini, nikachungulia mstari wa juu: "Asalaam aleykum dada. Shikamoo. Habari za huko..." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, huyu sasa amekuwa mtu. Nikarudi kwenye unga. Ikawaka tena, salamu zilezile. Nikasonya. Ana nini huyu leo? Nitamjibu nikimaliza. Nikasukuma chapati zote, nikachoma, nikakata na kachumbari.

Ndipo nikafungua. "Asalaam aleykum dada. Shikamoo. Habari za huko, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Sisi huku wazima ila mama ameanguka, mdomo umekwenda upande, mkono haushiki. Piga simu."

Nilipiga mikono ikinuka vitunguu. Walipokea upesi, boti ikapatikana, ikaondoka. Mimi nikawa wa kwenda pwani na kurudi jikoni, jikoni na pwani, nakaa siwezi, nasimama siwezi, namtukana kila aliyeniambia nitulie. Walipomshusha nikapanda naye gari hadi hospitali.

"Ameanza saa ngapi?" daktari aliuliza.

Nikatazama simu. "Saa tatu na robo."

"Na mmepiga?"

"Saa nne na nusu."

Akaandika. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Mdogo wangu alinieleza baadaye, kwa mikono, kwa lugha yetu ya nyumbani. Nilipochelewa kujibu alidhani salamu yake ina kasoro. Akaisoma upya mama akiwa mapajani mwake, akaona hakumuulizia mama mkwe wangu. Ule ujumbe wa pili ulikuwa wa kumuulizia mama mkwe.

Sasa zahanati wamemwekea picha ya boti kwenye simu yake. Akiibonyeza, muuguzi na manahodha wawili wanapata ujumbe na mahali alipo, bila neno hata moja. Na mimi nimemwomba, karibu kumpigia magoti, anianze na shida. Ujumbe wake umerudi kuwa kama zamani: "Mama kala." "Mama kalala." Nausoma mara tatu tatu.

Kila Ijumaa navuka. Naingia, nainama kitandani, nasema, "Shikamoo, mama." Mdomo wake unahangaika, unakutana kwenye m ya mwanzo, na hapo unakwama. Marahaba haiji. Mdogo wangu anaungoja mdomo ule pamoja nami, halafu ananigusa bega, ananijibu yeye kwa mkono.