Profesa Keshatajwa

Shemeji yangu, mume wa dada, anafundisha chuoni, na wanafunzi wamembandika jina la Bwana Chanzo. Dada akimwambia chumvi imekwisha, huuliza, "Kwa mujibu wa nani?" Dada humwonyesha kopo. Shemeji huingiza kidole, akalamba, ndipo aende dukani. Ananiudhi mno, lakini sijawahi kumsikia akisema uongo, na kiu yake moja maishani ilikuwa kuitwa profesa.

Sasa, wataalamu wakitaja tena kitabu walichokwisha kukitaja, hawaandiki jina lake lote. Chini ya ukurasa huweka neno moja tu, "keshatajwa". Wanafunzi, kwa kunakiliana, wakadhani huyo ni mtu. Wakaandika Keshatajwa anasema hivi, Keshatajwa anapinga vile. Wahadhiri wavivu wakameza bila kutafuna. Baada ya miaka michache hapakuwa na msomi aliyetajwa kumzidi.

Kikao cha kupandisha vyeo kikamwita shemeji. Mwenyekiti akapekua kazi zake, akaguna.

"Mwalimu, mbona humu Keshatajwa hayumo hata mara moja?"

"Keshatajwa si mtu, Mwenyekiti. Maana yake ni kwamba ametajwa tayari."

"Ndiyo hivyo. Ametajwa na kila mtu, isipokuwa wewe."

"Hayupo. Hajawahi kuwepo."

"Chanzo chako nini?"

Lakini nani angehangaika kuandika kitabu juu ya kutokuwepo kwa mtu asiyekuwepo? Mjumbe mmoja akaongeza kwamba aliwahi kukaa na Keshatajwa meza moja kwenye kongamano, mtu mpole, hana makuu. Shemeji akaandika makala kuthibitisha hoja yake. Ikarudishwa, eti haikunukuu kazi za mhusika mwenyewe. Uprofesa wakampa Keshatajwa.

Wakamtengea ofisi mkabala na ya shemeji, na jina mlangoni. Kwa kuwa profesa "yuko safarini", ufunguo akaachiwa shemeji, awe anamwagilia ua lililo dirishani. Roho iliniuma mimi, sembuse yeye.

Siku moja akiwa humo na kopo la maji, binti mmoja akabisha hodi, tasnifu kifuani, macho mekundu kwa kulia. Kila siku alikuta mlango umefungwa, na asipopata wa kumkagulia vyanzo angefukuzwa chuo. Shemeji akaweka kopo chini, akaketi. Kila ukurasa akauliza: nani kasema, amejuaje, anafaidika nini tukimwamini? Na kila alipomkuta Keshatajwa, akamfuta kwa kalamu.

Binti akashangaa. "Profesa, mbona unajifuta mwenyewe?"

Jioni hiyo alitusimulia tukiwa mezani.

"Ukamwambia wewe siye?" dada akauliza.

"Kaniita profesa, nikaitika," akasema, machozi yakimlengalenga. "Ila nilimwambia asiniamini mpaka ahakikishe."

Dada akamsogezea chumvi, na kwa mara ya kwanza shemeji akainyunyiza bila kuionja.