Saini Niliyoidai Mwenyewe

Hadi leo naona haya kupita mapokezi ya ofisi yetu hapa Bungoma. Wivu ndio uliniponza.

Nekesa, programa wa tawi letu la Kitale, alitengeneza programu ndogo ya kuchapisha risiti, akaiweka mtandaoni wazi na bure, yeyote aichukue aitie kwenye kazi yake. Bosi akawa haishi kumtaja. Nekesa hivi, Nekesa vile. Hata chai ilikuwa hainishuki.

Nikaandika barua pepe, ofisi nzima isome: kitu cha bure kisicho na saini ya kidijitali, tutajuaje kimetoka kwa nani? Niliamini hawezi kuiweka.

"Sawa kaka, nitaiweka," akajibu. Wiki hiyohiyo akaiweka.

Roho ikaniuma zaidi. Nikajigamba kwamba nitaandika yangu, tena bora. Yangu ikachapisha karatasi tupu. Siku ya kuionyesha mbele ya ofisi nzima pale mapokezi ilipokaribia, nikachukua ile ya Nekesa, nikabadilisha jina la faili, nikaiita Simiyu, kama mimi.

Nekesa alikuja kutoka Kitale kutazama. Risiti zikatoka safi, nami nikarekebisha tai nipokee pongezi.

"Lakini Simiyu, si wewe ndio ulisema tuangalie saini kwanza?" bosi akauliza, akabofya faili yangu mbele ya wote.

Kumbe ukibadilisha jina la faili, saini ya ndani haiguswi. Pale kwenye skrini palitokea: imetiwa saini na Nekesa, Kitale.

"Asante kaka," Nekesa akasema kwa upole. "Bila wewe singeiweka."