Shingo ya Somoe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata leo nikiwa nimeinama kufua nguo. Huja taratibu, kama ule ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka bonde la Ruvuma na kuifunika Newala yetu nyumba baada ya nyumba. Nilikuwa mama kijana. Nimeshika dodoki mkononi, namsugua shingo binti yangu Somoe aliyekuwa na miaka tisa, na mtoto analia.

"Mama, unaniumiza."

"Tulia. Na shingo nyeusi hivi, bibi yako atasema hatuogi."

Weusi ule ulimzunguka shingoni kama mkufu, mzito, laini kama mahameli. Mimi nilidhani ni uchafu. Newala, kama unavyojua mwenyewe, maji ni ya kutafuta. Ndoo moja upikie, uoshee vyombo, na kinachobaki ndicho cha kuogea. Basi nikajilaumu kwamba namwogesha kwa maji kidogo, nikaongeza sabuni, nikasugua. Weusi haukutoka. Kilichotoka ni machozi.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana panapofuka moshi hapakosi moto.

Mimi nilizaliwa Chiwata. Nilipokuwa na umri kama ule wa Somoe, ulitujia mwaka wa njaa. Mvua zilikatika mapema, mahindi yakafia shambani, na ghala likabaki na vumbi tu. Mama yangu alikuwa akiingia porini alfajiri kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, na siku nyingine alirudi na jembe peke yake. Nilikuwa na mdogo wangu wa miaka mitatu, jina lake Somoe. Hakuuona mwisho wa mwaka ule. Sura yake imenitoka, Mungu anisamehe, lakini mkono wake naukumbuka nilivyoushika mara ya mwisho: mwepesi, kama kijiti kilicholiwa na mchwa.

Nilipoolewa Newala na kujaliwa binti, nikampa jina lile. Nikaapa moyoni kwamba Somoe huyu hatalala na njaa hata siku moja. Kiapo kizuri, mwanangu. Lakini hata dawa ikizidi huwa sumu.

Mume wangu, Baba Somoe, alikuwa na mikorosho aliyorithi kwa baba yake. Ulipokuja msimu mzuri tukafungua duka dogo hapohapo nyumbani: sukari, biskuti, soda, mafuta ya kupikia. Asubuhi nakaanga maandazi barazani. Wahenga walisema maskini akipata, matako hulia mbwata. Unisamehe kwa neno hilo, lakini yangu yalilia kweli. Somoe alikunywa chai ya sukari vijiko vitano kabla ya kwenda shule, na maandazi mengine nikamfungia kwenye mfuko. Akirudi na kiu nampa soda, kwa sababu maji yalikuwa ya foleni na soda ilikuwa palepale mkononi. Kucheza nje nilimkataza, nikisema jua kali. Ukweli ni kwamba sikutaka aonekane na ndoo kichwani kama nilivyoonekana mimi. Majirani walipopita na kusema, "Mama Somoe, binti ananawiri!" niliona kama naoshwa aibu yote ya utotoni.

Sasa, siku ile ya dodoki tulikuwa tunakwenda Chiwata kumsalimu mama. Tulipanda gari hadi Masasi, tukaunganisha jingine, tukashuka barabarani. Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo mfupi, ambao utotoni niliukimbia mara kumi kwa siku bila kuhema. Mabibo yalikuwa yameiva na kuanguka njia nzima. Harufu yake tamu ilinilewesha, nyuki wakivuma chini ya mikorosho, nami nikawa natembea kama niliye usingizini, utoto wangu umenishika mkono. Nilipogeuka, Somoe hakuwa nyuma yangu.

Alikuwa amekaa chini mbali kule, katikati ya njia, anahema mdomo wazi. Nilirudi mbio. Nikainua gauni lake kidogo, nikaona mapaja yamechubuka kwa kusuguana, vidonda vibichi juu ya makovu ya zamani.

"Tangu lini, Somoe?"

"Tangu zamani. Huwa napaka poda."

"Mbona hukuniambia?"

Aliangalia pembeni. "Ungesema nisiende shule. Shuleni wananiita Gunia, lakini nisipokwenda sina mtu wa kuzungumza naye."

Nilichuchumaa nimbebe mgongoni kama mama yeyote. Mwanangu, sikuweza kusimama. Tukaenda mdogomdogo, tukipumzika kila kivuli, mpaka tukafika.

"Shikamoo, Bibi," mtoto akaamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea nikuone." Mama alimshika kidevu, akapitisha kidole shingoni mwake. Akatuandalia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Somoe akauliza kama kuna soda, nami nikaitoa kwenye kikapu, nikaifungua mbele ya mama yangu kwa majivuno.

Mchana mtoto alipolala mkekani, mama alikaa akimenya njugu mawe. Akasema, "Hadija, mtoto huyu anaumwa."

"Anaumwa nini, mama? Hajawahi hata kupata homa. Ni shibe tu."

"Anahema usingizini kama mzee. Shibe gani hiyo? Punguza mkono, mwanangu, na umpeleke hospitali."

Ujana nao una kiburi. Nilimjibu nisivyopaswa kumjibu mzazi: "Ulitaka nimlaze na njaa, kama ulivyotulaza sisi?"

Mkono wake ukasimama. Njugu moja ikamponyoka, ikabingirika hadi ukutani, naye akaifuata kwa macho mpaka ikatulia. Aliponena hakupandisha sauti.

"Somoe wangu nilimzika mimi. Nilimwosha kwa mikono hii. Kila bakuli unalompa huyu, Hadija, unampa yule. Yule hali tena. Mtoto wako anakula chakula cha watu wawili, na mmoja ni marehemu."

Nilianguka magotini pake nikalia, kilio ambacho naamini sikuwahi kukilia nilipokuwa msichana mdogo wa Chiwata. Aliniacha nilie. Kisha akaniwekea mkono kichwani, akasema radhi yake ninayo, ila mtoto aende hospitali.

Tukiwa njiani kurudi tukapitia hospitali ya Masasi, na daktari tuliyemkuta alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Aliitazama shingo ya Somoe, akaniambia kwa upole, "Mama, huu si uchafu. Usimsugue tena." Akanieleza kwamba mwili ukilemewa na uzito na sukari, mara nyingine ngozi ndiyo hutangulia kusema. Walimtoboa kidole, wakapima damu. Sukari ilikuwa imeanza kupanda. Haijawa ugonjwa wenyewe, lakini imeshabisha hodi. Nikabisha: kisukari si cha wazee na matajiri? Akatikisa kichwa. Akasema tumbo la maskini nalo hudanganywa, maana vinavyoshibisha upesi kwa bei nafuu mara nyingi ni sukari na mafuta. Nilimkumbuka mtoto wangu akilia chini ya dodoki langu, nikatamani ardhi inimeze.

Ungedhani nilishajifunza. Wapi! Tuliporudi Newala nikakimbilia kosa la pili. Nikafungia sukari kabatini, nikamkatia Somoe sahani nusu, na sisi wakubwa tukala maandazi yetu mbele yake. Wiki ya pili nikamkuta nyuma ya duka, mkono ndani ya mfuko wa sukari, midomo myeupe. Nikainua mkono nimchape.

"Mama," alisema, hata hakukimbia, "kwani nimekosa nini? Si wewe uliyenipa?"

Mkono ulishuka wenyewe. Baba Somoe alikuwa anahudumia mteja. Akaja, akasimama kati yetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mpenzi mkubwa wa soda. Akasema, "Mtoto anasema kweli. Kuanzia leo nyumba hii inakula chungu kimoja."

Tukala chungu kimoja. Duka hatukulifunga, ndilo lililotuweka mjini, ila soda na maandazi vikawa vya wateja. Sisi tukarudi kwenye vyakula nilivyokuwa nikivionea haya: muhogo wa kuchemsha, kunde, mboga za majani, papai, samaki tulipojaliwa, na ming'oko ilipopatikana. Maji ya kunywa nikaanza kuyatafuta kwa juhudi ileile niliyotafutia sukari. Watu wakanong'ona kwamba kwa Mama Somoe wamefilisika. Nilinyamaza, lisemwalo na watu haliivishi chungu.

Jioni Baba Somoe alimchukua binti yake kutembea hadi ukingoni, pale nchi inapokatika ghafla na bonde kulala chini, samawati, mbali, kama nchi inayoonekana ndotoni. Siku za kwanza waliishia njiani wakarudi. Baadaye wakafika. Kisha nami nikajiunga, na watoto wa jirani wakajiunga, na jioni moja nikasikia Somoe akicheka huku anakimbia. Nilisimama. Sikuwa nimeijua sauti ile.

Shingo ilichukua zaidi ya mwaka kutakata, bila dodoki. Sukari ikashuka. Somoe hakuwa mwembamba, wala hatukumtaka awe; ni mwanamke mnene kiasi, mwenye miguu yenye nguvu, analima upande wa Chidya na ana watoto wawili. Aliyepatwa na kisukari ni mimi. Walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi Mungu aliniepushia wa kwangu, nikala langu peke yangu. Kila asubuhi nameza vidonge, na sinung'uniki.

Basi, mwanangu unayelea sasa, nisikilize. Umaskini uliokuuma jana usimlishe mtoto wako leo. Mpende kwa muda wako kabla ya kumpenda kwa soda. Maji yakiwa ya shida, shida hiyo ibebe wewe, usimtulize kwa utamu. Mwache acheze, achafuke, abebe kandoo kadogo kanakolingana na kichwa chake. Ukiona mwili wake umebadilika usione haya na usingoje sifa za majirani. Nenda kwa wanaojua, ukaulize. Na akishanenepa, usimcheke wala usimnyime peke yake, kwa maana hakujipikia. Badilisha chungu, kila mtu ale humo. Mzazi wako akikukanya, meza jibu lako kwanza. Mimi lile langu bado linanikwama kooni, na mama hayupo tena nimwombe radhi mara ya pili.

Mungu akujalie riziki isiyokatika, na akupe macho ya kumwona mtoto aliye mbele yako, si mwingine. Akukuzie wanao wawe na pumzi ndefu na moyo mwepesi, na siku moja wakutangulie njiani wakicheka, nawe uwafuate polepole. Amin.